Weusi Chini ya Risasi

Tarehe 4 Machi

Chiriku wangu,

Sisi huku tu wazima, tukiondoa goti langu ambalo lina akili zake. Presha ya baba yako imeshuka, ingawa si kwa hiari yake. Nimegundua kaka yangu alikuwa anaficha chumvi ndani ya kopo la majani ya chai, akijinyunyizia kila nikienda kazini. Nilipomwuliza, akasema mimi ni mdogo wake na sina ruhusa ya kupekua makopo yake. Nimeihamisha, bado anaitafuta. Hospitali tuliletewa mashine mpya ya eksirei, ikafanya kazi wiki moja, sasa imefunikwa shuka na tumerudi kwa ile kongwe.

Baba yako amenisomea barua yako, ile uliyomweleza kuwa ndege yenu haikwepi mawingu ya radi bali inayafuata. Yeye amefurahi mno, amewasomea hadi majirani. Mimi kuna neno moja lilinisumbua. Umesema mle mawinguni mnapima mionzi ya gama. Mimi nimekula mkate wa mionzi tangu wewe hujaanza kutambaa, lakini yangu inatoka kwenye mashine, na nikitaka naizima. Wingu linazimwaje?

Ndani ya bahasha kuna beji kama hizi tunazovaa sisi wapiga picha za eksirei. Ni kijiboksi cha plastiki chenye kipande cha filamu, na juu ya filamu kuna vibamba viwili vidogo, kimoja cha shaba na kimoja cha risasi, yale madini mazito, si ya bunduki. Ibandike kifuani kila ukipanda. Mwisho wa mwezi unirudishie, nitaiosha filamu mwenyewe na kukutumia nyingine. Ikiwa safi, nitanyamaza. Ikiwa nyeusi, yaani mionzi imeipiga, utashuka kwenye hiyo ndege na hutapanda tena. Niahidi hivyo kwa maandishi, maana ahadi zako za mdomo nazijua.

Wala usinipigie simu. Simu ya kituo chenu anapokea mkuu wako, na akishapokea haondoki.

Shangazi yako


Tarehe 15 Machi

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imenikuta mzima, nimecheka peke yangu hadi Rubani akaniuliza kama nimerithi mali. Mwambie Baba nasema chumvi haifichwi kwenye majani ya chai, inafichwa kwenye sukari, hapo hata wewe usingeiona. Mume wangu anakusalimu. Bado anafundisha kule kule, anakuja mwisho wa mwezi, akifika analala siku nzima kisha anaondoka. Ndoa ya kisasa.

Umeuliza wingu linazimwaje. Halizimwi, Shangazi. Ndani ya wingu la radi kuna upepo unaopanda kwa nguvu, na ndani ya upepo huo kuna barafu ya aina mbili, chembe nyepesi zinazopaa na punje nzito zinazoelekea kuwa mvua ya mawe. Zikipishana zinagongana, na kila zikigongana zinaibiana chaji. Nyepesi zinakimbilia juu na chaji chanya, nzito zinabaki chini na hasi. Basi wingu zima linakuwa na pande mbili zilizonuniana, kama wewe na Baba na hilo kopo. Mara nyingi ugomvi unaishia kwa radi. Lakini pale katikati, kabla radi haijapiga, msukumo wa umeme unakuwa mkali kiasi kwamba elektroni ikianza kukimbia, hewa inashindwa kuizuia. Inagonga wenzake, nao wanakimbia, wanakuwa kundi, na kundi hilo likipita karibu na viini vya hewa linatoa mionzi kama yako ya eksirei, na mikali kuliko yako. Wakati mwingine wingu linawaka hivyo polepole kwa dakika nzima na jicho halioni kitu. Wakati mwingine ni mpasuko mmoja tu, mfupi mara elfu kuliko kupepesa jicho. Watu wameuona mpasuko huo kwa setilaiti, kutoka juu kabisa. Mimi nautaka kwa karibu.

Kifaa cha kuupimia nimekijenga mwenyewe. Ni fuwele inayometa kila mionzi ikiipita, na nimekaa nayo miaka mingi kuliko niliyokaa na mume. Hakuna mwingine anayejua kuibembeleza. Ndege tumeazimwa msimu huu tu, radi zikiisha inarudi kwa wenyewe. Kwa hiyo usiombe nishuke sasa.

Ahadi yako hii hapa: beji ikiwa nyeusi, nashuka. Nimeweka na sahihi.

Halafu kuna rafiki yangu hapa kituoni anauliza, hospitalini kwenu mfanyakazi akipata mimba sheria inasemaje? Ni udadisi wake tu.

Chiriku


Tarehe 2 Aprili

Marahaba mwanangu,

Baba yako amepata chumvi. Sijui kwa nani. Ameanza tena kusifia mapishi yangu, ndipo nilipojua.

Filamu ya Machi nimeiosha, ni safi kabisa. Nakiri nilisimama kwenye chumba cha giza nikaishika juu ya ile taa nyekundu nikaigeuza mara tatu kabla ya kuamini. Unatumiwa ya Aprili.

Sasa tuje kwa huyo rafiki yako. Mwambie kwanza hongera. Pili, hospitalini kwetu sheria ni fupi: siku ukijua, unasema, na siku ukisema, unatoka kwenye chumba cha mashine unapelekwa kuandika kadi mapokezi, hata kama wewe ndiye fundi pekee. Hakuna kusubiri beji, beji inasema yaliyokwisha kuingia mwilini. Tatu, mume wake anajua? Nne, kwa nini rafiki yako anaandika kwa mwandiko wako na ameyafuta maneno yale mara mbili kabla ya kuyaandika?

Nimekulea tangu mama yako alipotutoka. Nilikuonyesha namna ya kufunga kamba za viatu. Utanificha mimi tumbo? Wahenga walisema mficha uchi hazai, na nimeiandika methali hiyo huku nikijilaumu, maana si ya kuiambia mtu aliye katika hali hiyo. Lakini imeshaandikwa.

Shuka, mwanangu. Wingu litakuwepo mwakani na mwaka mwingine.

Shangazi yako


Tarehe 24 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Natumaini Baba hajambo na goti lako limetulia. Hapa mvua inanyesha kila alasiri, nguo hazikauki, paa la ofisi linavuja juu ya meza ya mkuu wa kituo peke yake, na sisi tunasema Mungu ana macho.

Ndiyo, ni mimi. Mume wangu anajua, tena amesema maneno yako yote, ila kwa sauti ya chini. Mkuu wa kituo hajui. Hata sisi sheria ndiyo hiyo, mjamzito hapandi, na nikishuka kifaa kinashuka nami. Wingu litakuwepo mwakani, ndege haitakuwepo. Nimelifikiria hili hadi kichwa kinauma. Mtu akipanda ndege ya abiria mara nyingi anapata mionzi ya angani na hakuna anayepiga kelele. Na wanaosema mpasuko unaweza kumdhuru mtu ndani ya ndege wamepiga hesabu kwenye karatasi, hakuna aliyewahi kumwonyesha mtu kwa kidole akasema huyu hapa. Nimebakiza safari chache tu. Niache nimalize, nakuomba.

Beji ya Aprili hiyo hapo. Wiki iliyopita tulipata mtikisiko kidogo, waya wa kifaa ukalegea, nimeshaurekebisha. Kichefuchefu kimenizidi asubuhi, nao wanadhani naogopa kuruka. Kwa hiyo natapika na kutaniwa kwa pamoja.

Usimwambie Baba bado.

Chiriku


Tarehe 6 Mei

Mwanangu,

Baba yako anakusalimu sana, ameanza kulalamika kuwa unaniandikia mimi kuliko yeye. Nimemwambia mambo ya wanawake. Akaondoka haraka.

Nimeosha filamu ya Aprili na ikatoka nyeusi. Nilikaa chini, si kwa sababu ya goti. Nilikuwa nimeshachukua kalamu nikudai ahadi yako, nikaamua niiangalie tena kwa lenzi, na sasa naandika nikiwa nimepumua kidogo.

Sikiliza, hii ni kazi yangu. Mtu aliyevaa beji anatembea, anageuka, anainama, anapumua. Mionzi inampata kutoka huku na kule, kwa hiyo vivuli vya vile vibamba kwenye filamu vinakuwa na kingo zilizofifia, kama picha ya mtoto asiyetulia. Lakini beji iliyotundikwa mahali pamoja, ikapigwa na mionzi ikiwa imetulia, kingo za vivuli zinakuwa kali, kama zimekatwa kwa wembe. Kila mwaka tunapata moja kama hiyo hapa, na kila mwaka ni mtu aliyetundika koti lake msumarini ndani ya chumba cha eksirei akaenda kunywa chai. Yako kingo zake ni kali. Basi niambie, uliacha koti wapi? Uwanja wa ndege hapo hamna mashine ya kukagulia mizigo? Wewe na makoti yako nawajua, shule ulipoteza matatu.

Kuna jambo jingine dogo kwenye filamu hiyo ambalo halijanikaa vizuri, lakini mashine za mizigo si kama zetu, pengine ni hilo tu. Nijibu upesi kuhusu koti ili moyo wangu urudi mahali pake.

Hata kama ni koti, bado nasema shuka. Lakini sitasema kwa kupiga kelele.

Shangazi yako


Tarehe 19 Mei

Shangazi, shikamoo.

Sisi wazima. Mtoto ameanza kucheza, au ni gesi, mume wangu anasema gesi.

Koti. Ndiyo, nadhani ni koti. Mashine ya mizigo ipo, na msumari upo karibu nayo, na mimi huwa natundika pale. Pole kwa kukutia presha, wewe na Baba sasa mko sawa.

Nimebakiza safari mbili.

Chiriku


Tarehe 17 Juni

Mwanangu,

Nimekuandikia mara mbili hujajibu. Nilimeza kiburi nikapiga simu kituoni, mkuu wako akasema uko mapumziko, akaanza kunisimulia habari za paa lake. Mapumziko gani? Baba yako kila jioni anakaa karibu na mlango nikiuliza kama anakusubiri, anasema hapana, anapunga upepo tu.

Andika hata mstari mmoja. Andika "niko hai" nami nitaridhika.

Shangazi


Tarehe 28 Juni

Shangazi, shikamoo.

Niko hai. Salamu kwa Baba, mwambie nilikuwa na malaria.

Mtoto ametoka. Ni mwanzoni mwa mwezi, wiki moja baada ya safari ya mwisho. Alikuwa wa kike. Mume wangu alikuja siku hiyo hiyo na hakulala. Hajaninenea neno baya hata moja, na ningependa angenena.

Daktari amesema mimba huharibika kwa sababu nyingi, na mara nyingi hakuna anayejua. Amesema nisijitafutie kosa. Ni mtu mzuri, amesema vile vile anavyowaambia wote. Nilimwambia kuhusu ndege, akaniuliza kama kulikuwa na baridi huko juu.

Nikiwa kitandani nilimwomba Rubani aniletee rekodi za kifaa changu za Aprili. Nilikwambia waya ulilegea. Haukulegea, Shangazi. Siku ile tulikuwa kwenye ukingo wa wingu, kifaa kikaanza kupanda, kikapanda, kikapanda, nami nikapiga kelele ya furaha ndani ya kinasa sauti, halafu kikasoma sifuri. Sifuri tupu, kisha baada ya muda mfupi kikaamka. Tulipotua nilivuta waya kidogo, nikauona umelegea, nikaandika "waya". Mtu akitaka waya uwe umelegea utalegea. Ukweli ni kwamba fuwele ikipigwa na mionzi mingi mno kwa mpigo mmoja inapofuka, na kipofu anasoma sifuri. Mpasuko niliokuwa nautafuta miaka yote ulinipitia, mimi nikauita waya.

Na kingo zako kali sasa nazielewa. Mpasuko ni mfupi kiasi kwamba hakuna kiumbe anayewahi kugeuka wala kupumua ndani yake. Kwa muda ule mtu aliye hai ametulia sawa na koti msumarini. Beji ilikuwa kifuani kwangu. Sikuwa na koti siku ile, kulikuwa na joto. Nilijua hivyo nilipokujibu. Ulinifungulia mlango, nami nikapita.

Nina swali moja na nataka unijibu kama mtu wa kazi, si kama shangazi. Uliandika kuna jambo dogo halijakukaa vizuri. Nadhani nalijua. Eksirei za hospitali na za mizigo haziwezi kupenya kile kibamba cha risasi, chini yake filamu hubaki nyeupe. Gama ya wingu inaweza. Chini ya risasi, filamu yangu ilikuwa nyeupe au nyeusi?

Sikuulizi kwa ajili ya kujitesa tu. Muda wa kuazimwa ndege umeongezwa mwezi mmoja, na kiti changu amekalia msichana wa hali ya hewa niliyemfundisha mwezi huu kubembeleza kifaa. Ameolewa mwaka huu. Anaiamini sifuri yangu kwa sababu mimi ndiye niliyeiandika.

Chiriku


Tarehe 6 Julai

Mwanangu,

Baba yako anajua. Sikumwambia, alinikuta jikoni nimekaa na barua yako mapajani, akaichukua. Aliisoma yote. Alichukua jembe akaenda nyuma ya nyumba akalima mahali pasipopandwa kitu, hadi giza. Anakusalimu. Anasema uje nyumbani, na kwamba si lazima uzungumze.

Nyeusi.

Ilikuwa nyeusi chini ya shaba na nyeusi chini ya risasi, hafifu kidogo kuliko pembeni, lakini nyeusi. Niliiona siku ile ile. Najua vizuri kabisa eksirei haipiti pale, huwa nawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nilikuwa na ishara mbili mkononi, moja ikisema koti na nyingine ikisema si koti, nikachukua ile niliyoipenda. Nikakuandikia kurasa juu ya kingo, na risasi nikaiita jambo dogo. Nilitaka iwe koti, mwanangu. Nilitaka sana.

Hakuna mtu atakayekuambia kuwa ni wingu lililomtoa mtoto, na mimi sitasema, maana sijui. Ninalojua ni kwamba kwa weusi kama ule, hapa tungemtoa chumbani mfanyakazi yeyote, hata awe mwanamume wa miaka sitini, na tungemwita daktari. Hilo nimemwandikia mkuu wako, na ndani ya bahasha nimetia filamu yenyewe, na nimempigia simu pia. Safari hii mimi ndiye niliyekataa kuondoka. Nimemwambia wote waliokuwa ndani ya ndege wapimwe damu, na msichana yule ashuke leo. Alisema atalifikiria. Kesho nampigia tena, na keshokutwa, hadi anichoke.

Watu wanasema yaliyopita si ndwele. Ni ndwele. Imenikaa kifuani na silali. Kila nikizima taa naanza kuandika ile barua ya Mei upya: mwanangu, ni nyeusi chini ya risasi, shuka. Maneno machache tu. Nimeyaandika kichwani mara nyingi, na kila mara nafika pale pale, ninajiuliza, kama ningekuandikia hivyo, ungeshuka?

Usinijibu hilo. Nakuomba kabisa, usinijibu.

Shangazi


Tarehe 15 Julai

Shangazi, shikamoo.

Mwambie Baba nitakuja wiki ijayo, mume wangu atanileta. Msichana ameshushwa. Mkuu alisema ni heri awe bila vipimo kuliko kupokea simu yako mara nyingine. Wamepimwa wote.

Umesema nisijibu, lakini toka lini nikakusikia.

Ningepanda. Nimejiuliza kwa uaminifu wote niliobaki nao, mchana, nikiwa na akili zangu. Ungeniandikia nyeusi, ningesema filamu yako ni kuukuu. Ungenidai ahadi, ningekwambia ni safari mbili tu. Ningepanda, Shangazi, hata kama ungekuja ukasimama mbele ya magurudumu.

Basi lala.

Chiriku wako